Shajara ya viriba: mahindi ya kinyungu, baridi na kuvu za udongo

Mei 9

Udongo umefika. Madebe sita kutoka kinyungu cha mama, yaani shamba lake la bondeni, hapa Njombe: manne ya upande wa juu, ambako mwaka jana kulikuwa na mahindi na maharage, na mawili ya upande wa chini, ambako kabichi imelimwa misimu miwili mfululizo. Naandika shajara hii ili wanafunzi wangu wa klabu ya kilimo waone kazi ilivyokwenda, siku nzuri na siku mbaya.

Jambo lenyewe ni hili. Mahindi ya vinyungu hupandwa mwezi wa saba, bonde likiwa na unyevu na bado baridi. Huota vizuri. Yakifika jani la tatu au la nne yanageuka zambarau na kuduwaa. Majirani wanasema ni baridi, basi. Mwaka juzi mama aliongeza mbolea ya kupandia karibu mara mbili, na zambarau ikabaki palepale. Upande wa kabichi ndio unaoumia zaidi, na ndio unaochelewa kupona hata jua la mwezi wa tisa likishatoka.

Zambarau kwenye jani la mche wa mahindi ni dalili ya njaa ya fosforasi. Mmea unatengeneza sukari lakini hauna cha kuitumia ikajenge mwili, sukari inarundikana jani linapaka rangi. Lakini fosforasi mama ameiweka kwa mkono wake! Kwa hiyo ipo udongoni na haifiki kwenye mmea. Ninachotaka kujua ni nani anayeibeba, na kwa nini mwezi wa saba habebi.

Mei 12

Kwa wanafunzi, kabla hatujajaza kiriba (kifuko cha kuoteshea miche) hata kimoja.

Naitrojeni husafiri na maji. Mzizi ukinywa, naitrojeni inakuja yenyewe. Fosforasi haisafiri hivyo. Katika udongo wetu mwekundu hushikwa na chuma na aluminiamu, ikabaki ilipodondoka. Mzizi hula iliyo jirani yake, milimita moja au mbili tu, kisha unazungukwa na ukanda mtupu. Hapo kuna njia mbili: mzizi urefuke uende kwenye udongo mpya, au mwingine aende kwa niaba yake.

Huyo mwingine ni kuvu. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko vinywele vya mzizi, kwa hiyo hupenya vitundu ambavyo mzizi haupiti, na hufika sentimita kadhaa nje ya ukanda ule mtupu. Huleta fosforasi, zinki na maji kidogo. Hulipwa sukari na mafuta. Mjerumani Albert Bernhard Frank ndiye aliyeupa ushirika huu jina mwaka 1885, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi, nasi tunasema mikoraiza. Ushirika wenyewe ni mkongwe mno: katika mawe ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka milioni 407 hivi, kuna mimea iliyogeuka jiwe ikiwa na kuvu ndani ya seli zake.

Watu wa huku hawapaswi kushangaa. Uyoga tunaookota kwenye miombo mvua zikianza, mwingi wake ni tunda la kuvu zinazoishi na mizizi ya miti ile. Wanaotunza vitalu vya misindano nao huchukua udongo wa chini ya msindano mkubwa na kuuchanganya kwenye viriba, kwa sababu msindano uliletwa kutoka mbali na kuvu yake ilibidi iletwe pia. Kuvu ya mahindi ni ya kundi jingine, haitoi uyoga, haionekani kwa macho. Ndiyo maana haina jina nyumbani.

Kabichi, sukuma wiki na jamaa zao hazishirikiani nayo. Ukilima kabichi misimu miwili, kuvu ya mahindi imekaa mwaka mzima bila wa kuilisha. Hilo ndilo lililonifanya nichukue madebe yale mawili ya chini.

Mei 14

Tumepika udongo. Madebe mawili ya upande wa juu kwenye viroba, juu ya wavu ndani ya pipa, maji chini, kuni, mvuke saa mbili. Sikuuchoma moto mkavu, maana ungeunguza mboji. Mvuke unaua kuvu, lakini unaua na bakteria pia, kwa hiyo nimekoroga udongo mbichi kwenye maji, nikachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara tatu kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Bakteria wanapita, mbegu za kuvu zinabaki juu ya karatasi. Maji yale nimeyarudisha kwenye udongo uliopikwa.

Udongo uliopikwa utapumzika karibu wiki mbili. Mvuke hufungua manganizi na amonia nyingi kwa mpigo na mche unaweza kuungua.

Mei 20

Nimekosea, na nimegundua kabla ya kupanda, namshukuru Mungu. Mpango wangu ulikuwa kuweka nusu ya viriba kwenye joto, ndani ya boksi la zamani la kulelea vifaranga, na nusu nje kwenye baridi. Nikajaribu na miche mitatu ya zamani kwa siku nne. Imerefuka kama mlenda, rangi ya majani imepauka. Bila shaka: ndani ya boksi hakuna mwanga wa kutosha, na jani limepata joto pamoja na mzizi. Ningeishia kupima boksi, si udongo.

Fundi seremala wa hapa jirani amenitengenezea mabeseni mawili ya mbao yenye sakafu ya bati. Yote yamejaa mchanga, viriba vinazikwa humo hadi shingoni. Moja lina balbu mbili za vifaranga chini ya bati. Majani ya pande zote yanapigwa na jua moja na upepo mmoja, mizizi peke yake ndiyo inayotofautiana.

Kipimajoto kwenye mchanga, saa kumi na mbili asubuhi: baridi digrii 11, joto digrii 24. Saa nane mchana: baridi 16, joto 27. Hizo 11 hadi 16 ndizo nilizopima kinyunguni mwaka jana mwezi wa saba, kina cha kidole.

Mei 27

Tumepanda viriba 60. Udongo mbichi wa juu 24, uliopikwa 24, wa kabichi 12. Kila kundi nusu joto, nusu baridi. Mbegu moja kila kiriba, zote za gunia moja la mama.

Juni 10

Beseni la joto liliota siku ya tano. La baridi limeota leo, siku ya kumi na nne. Mahindi ni mmea wa joto: mzizi wake hukimbia udongo ukiwa kati ya digrii 25 na 30, na ukishuka karibu na 10 unasimama. Ncha ya mzizi ndiyo inayozaa seli mpya, na kazi hiyo inategemea sana joto.

Juni 16

Katika beseni la joto, udongo uliopikwa ndio unaoongoza! Mahindi yake ni marefu kwa kidole kizima kuliko ya udongo mbichi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa upole kama tumethibitisha kwamba kuvu inadhuru.

Nimewaambia wavute subira. Mvuke ulifungua naitrojeni, na mche mdogo unaifurahia. Tena katika udongo mbichi mche umeanza kulipa: kuvu huweza kuchukua hadi sehemu moja ya tano ya sukari yote inayotengenezwa, na mwanzoni, kabla nyuzi hazijatandaa, mche unalipa bila kupokea. Nimeandika urefu wa kila mmoja na sikufuta kitu.

Juni 21

Usiku wa jana umeme ulikatika. Nikaweka jiko la mkaa chini ya bati ili beseni lisipoe, nikalala. Umeme ulirudi saa nane usiku, balbu zikawaka juu ya mkaa uliokuwa bado mwekundu. Asubuhi mchanga wa katikati ulikuwa digrii 41.

Nimepoteza viriba sita, viwili vya udongo mbichi na vinne vya uliopikwa. Nilivifungua kimoja kimoja. Ncha za mizizi zilikuwa za kahawia na laini, ukizishika zinachubuka ngozi kama mhogo uliochemshwa. Juu yake mzizi mweupe mzima kabisa. Niliumia, kwa sababu kosa ni langu. Jiko na balbu havikupaswa kukaa pamoja.

Ila sasa nimeona kwa macho yangu sura ya upande wa pili. Huku kwetu tunalia na baridi, lakini udongo wa tambarare uliofyekwa na kuachwa wazi hupita digrii 50 juu kabisa saa za mchana. Ncha ya mzizi na kuvu havina pa kukimbilia isipokuwa chini au kivulini.

Juni 29

Siku 28 tangu kuota, beseni la joto. Tumevuna viriba vinne kwa kila kundi, vilivyobaki vinaendelea.

Kuosha mizizi ni kazi ya heshima. Kiriba kinalowekwa kwenye ndoo nusu saa, udongo unaachia wenyewe, halafu unasuuza juu ya chujio la chai. Ukivuta, umepoteza mizizi membamba, na membamba ndiyo mingi.

Urefu tunaupima kwa mistari. Unatandaza robo ya mizizi juu ya kioo chenye miraba ya sentimita moja chini yake, unahesabu mara ngapi mzizi unakatiza mstari, unazidisha kwa 11, unagawa kwa 14. Ni kanuni iliyoandikwa na Tennant mwaka 1975, na haihitaji mashine. Mche mmoja wa udongo uliopikwa: makatizo 716, sawa na sentimita 563 kwa robo, yaani mita 22 na nusu kwa mche mzima wenye majani sita. Wanafunzi walinyamaza. Kisha mmoja akapima darasa kwa hatua ili aone mita 22 ni wapi.

Udongo mbichi, mche uliofanana naye: mita 17. Mfupi zaidi. Lakini majani ya udongo mbichi sasa ni ya kijani kibichi, na yale yaliyoongoza Juni 16 yana mstari wa zambarau pembeni. Mwenye mizizi mirefu ndiye mwenye njaa. Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Nilikuwa najiandaa kuandika kwamba kuvu "inakuza mizizi", kama vinavyoandikwa vipeperushi vingi, na ningekuwa nimedanganya. Mche wenye kuvu hauhitaji kujenga mizizi yote ile, kwa sababu safari ya mbali inafanywa na nyuzi, na nyuzi ni nafuu sana kujenga kuliko mzizi.

Julai 8

Beseni la baridi limetimiza siku 28 tangu kuota. Mche wa udongo mbichi: makatizo 168 kwa robo, mita 5 na kidogo. Mizizi yenyewe ina sura nyingine, minene, meupe, haina matawi. Zambarau kila mahali, mbichi na uliopikwa sawasawa. Kwa macho huwezi kutofautisha kundi na kundi.

Kwa hiyo majirani wana haki yao: baridi peke yake inatosha kuduwaza. Lakini haielezi upande wa kabichi.

Julai 11

Siku ya hadubini. Tumefuata njia ya wino na siki iliyochapishwa na Vierheilig na wenzake mwaka 1998, nayo ni zawadi kwa shule zisizo na dawa za gharama. Mizizi inachemshwa kwenye hidroksidi ya potasiamu hadi iwe kama kioo (mwalimu wa kemia alisimama nami, glavu na miwani, hakuna mwanafunzi aliyegusa). Inasuuzwa. Inachemshwa dakika tatu kwenye siki nyeupe yenye wino kidogo wa kalamu. Inalazwa kwenye maji yenye matone ya siki, wino wa ziada unatoka.

Slaidi ya kwanza, udongo mbichi wa joto. Nilisogeza mzizi polepole, nikaona uzi wa buluu ukitambaa kati ya seli, ukakunja kona, ukaingia ndani ya seli moja na kupasuka matawi, tawi juu ya tawi, hadi seli yote ikajaa kichaka kidogo cha buluu. Hapo ndipo fosforasi inapokabidhiwa na malipo kupokelewa. Pembeni kulikuwa na vifuko vya mviringo kama matone ya mafuta, ndiyo akiba ya kuvu. Nimefundisha jambo hili miaka sita kwa mchoro wa ubaoni. Niliwaachia kiti wanafunzi nikatoka nje kidogo.

Tukahesabu: kila mahali mzizi unapokatiza mstari, je, kuna kuvu au hakuna, hadi mara 100.

Mbichi, joto: 52. Mbichi, baridi: 9. Uliopikwa: sifuri pande zote, kwa hiyo mvuke ulifanya kazi yake. Kabichi, joto: 14. Kabichi, baridi: 2.

Ile 9 ndiyo jibu la mwezi wa saba. Baridi haikuduwaza mzizi peke yake, iliduwaza na mbebaji wake, tena yeye zaidi. Mzizi hautembei, kuvu haitembei, fosforasi nayo haijawahi kutembea. Na mbolea ya ziada ya mama? Mche unapotaka kuvu hutoa ujumbe kwenye udongo. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kemikali inayozifanya nyuzi zichanue matawi kuelekea mzizi. (Ni kemikali za jamii ileile zinazoamsha mbegu za kiduha, mwizi wa mahindi na mtama wa nchi za joto.) Mche ukizungukwa na fosforasi nyingi huacha kuita. Kumwaga mbolea mara mbili kulimnyamazisha mwitaji bila kuupasha mzizi joto.

Julai 12

Kuna kitu nilianza Julai 1 sikukiandika hapa kwa sababu niliona aibu kwa uchache wake. Vilibaki viriba sita vya udongo mbichi beseni la joto. Nilikata mahindi usawa wa udongo. Vitatu niliviacha kama vilivyo, mizizi ndani. Vitatu nilivimwaga, nikapondaponda udongo kwa mkono kama jembe linavyofanya, nikaurudisha na mizizi yake yote. Nikapanda mbegu mpya, nikahamishia vyote beseni la baridi.

Wazo si langu. Katika miaka ya themanini na tisini, Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, nchi inayoijua baridi, walionyesha kwamba mahindi machanga hupata fosforasi mapema zaidi pale udongo usipovurugwa, kwa kuwa yanajiunga na mtandao wa nyuzi uliokwisha kutandazwa. Uzi hauna haja ya kukua kwenye baridi kama ulikua joto lilipokuwepo.

Julai 22

Kinyunguni. Nilimweleza mama, naye akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nisipotifua, magugu atayapalilia nani?" Nikamjibu nitakuja mwenyewe kila Jumamosi. Amenipa matuta matatu ya upande wa juu. Hatukutifua, tumetoboa mashimo kwa ncha ya jembe kati ya visiki vya mahindi ya zamani. Matuta matatu ya jirani yametifuliwa kama desturi. Mbolea ya kupandia ni sawa kote, nusu ya ile ya mwaka juzi.

Tulikuwa na nyasi za kufunikia matuta. Nilipima kwanza, na nimebadili mawazo. Saa nane mchana tuta lililo wazi lilikuwa digrii 17, lililofunikwa 13. Nawashauri watu kila siku wafunike udongo, na tambarare ushauri huo ni sahihi kabisa, lakini bonde hili lenye maji mwezi wa saba linahitaji kila chembe ya jua. Udongo uliolowa una maji mengi ya kupasha kabla haujapata joto wenyewe. Tumesogeza nyasi hadi kwenye mifereji, mstari wa mbegu umebaki wazi.

Agosti 11

Viriba sita vya Julai 1, siku 28 tangu kuota. Vilivyovurugwa: kuvu 12 kati ya 100, majani ya zambarau. Visivyovurugwa: 31, na zambarau imebaki kwenye jani la chini peke yake. Urefu wa mizizi ni uleule, mita 5 na nusu hivi pande zote mbili. Ni viriba sita tu, navijua kwa majina yao, siwezi kuviita ushahidi wa bonde zima. Lakini ni baridi ileile, mbegu ileile, udongo uleule. Kilichotofautiana ni mkono wangu.

Agosti 23

Nimepalilia, Jumamosi ya nne. Mahindi yana majani manne. Matuta yaliyotifuliwa ni marefu kidogo na zambarau imeanza. Yasiyotifuliwa ni mafupi na ya kijani. Nilichimbua mche mmoja kila upande kwa kisu. Ule wa tuta lisilotifuliwa ulikuwa umepitisha mzizi wake katikati ya mzizi mnene wa mahindi ya mwaka jana, ndani ya shimo lake lililooza. Nimeifunga yote miwili kwenye gazeti lenye maji kwa ajili ya wino na siki Jumatatu.

Mama amesimama upande wa kabichi kwa muda mrefu. Amesema mwakani anaweka maharage pale, kabichi atahamishia karibu na mfereji. Ameniomba nimwachie kipimajoto hadi Septemba; atapima mwenyewe asubuhi na saa nane, na kuandika kwenye daftari la vikoba.